Geneforge zote tano: ipi uanze nayo, ipi ingoje

Kama nafasi yako ni ya gemu moja tu kati ya hizi tano, cheza ya kwanza, na uichukue katika toleo lake jipya la 2021, Geneforge 1: Mutagen. Nalisema mapema kwa sababu wengi wanaoniuliza hapa Malindi hawataki maelezo marefu. Wana laptopu kuukuu, bando la kuhesabu, na hamu ya kitu cha kuwakalisha usiku mzima. Anayetaka kujua kwa nini nimeiweka hiyo mbele, na nyingine nne zimekaa wapi, tuendelee.

Geneforge ni mfululizo wa gemu za kuvaa uhusika. Unaunda mtu wako, unazunguka naye, unazungumza na kila unayekutana naye, unapigana kwa zamu, unakua. Zinatengenezwa na Spiderweb Software ya Seattle, Marekani, kampuni ndogo kabisa ya Jeff Vogel iliyoanza 1994 na ambayo yeye na mkewe wameiendesha miaka yote hii. Geneforge ya kwanza ilitoka 2001, ya pili 2003, ya tatu 2005, ya nne 2006, na ya tano ikaanza kuuzwa 2008. Kisha Vogel akarudi nyuma kuzijenga upya: ya kwanza 2021, ya pili 2024 kwa jina la Geneforge 2: Infestation.

Dunia yake ni hii. Kuna tabaka la wachawi wanaoitwa Shapers, hapa nitawaita Wafinyanzi, ambao wanajua kuumba viumbe hai. Wanaumba mijusi ya kutema moto, majitu ya kupigana, mifugo ya kuliwa, hata milango na mashine zao zina uhai. Na wameumba viumbe wenye sura karibu na ya binadamu, serviles, kwa kazi ya kulima, kubeba na kufagia. Hawa nitawaita watwana, kwa kuwa ndivyo walivyo. Sheria ya Wafinyanzi ni moja: kiumbe amtii aliyemuumba. Akikaidi, anaangamizwa. Na elimu ya kuumba haitoki nje ya tabaka lao.

Sasa mtu wa pwani akisoma hadithi ya namna hii haisomi kama ngano ya mbali. Mashamba ya mtama ya Malindi katika karne ya 19 yalilimwa na watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika ukanda huu hadi 1907. Kulikuwa na watoro waliokimbia mashamba wakaenda bara kujijengea vijiji vyao, kama Fuladoyo. Wakati wa Geneforge ya kwanza unapofika katika kijiji cha watwana walioachwa peke yao, wakajifunza kuishi bila bwana, mimi nilisimamisha mchezo nikasoma kila neno la kila mtu. Na hicho ndicho kipimo changu katika orodha hii yote. Sipimi picha wala urefu. Napima ni gemu ipi inaniacha nimekaa kimya mbele ya kioo, sijui nijibu nini, kwa sababu mtwana ameniuliza swali ambalo halina jibu rahisi.

Kwa kipimo hicho, nafasi zangu ni hizi: ya kwanza iko juu, ya tano inaifuata kwa karibu sana, kisha ya pili, kisha ya nne, na ya tatu iko chini.

Ya kwanza na ya tano

Hizi mbili ndizo zinazostahili kushindanishwa, na zinashindana kwa njia zinazopingana kabisa.

Katika ya kwanza wewe ni Mfinyanzi mwanafunzi, uko safarini juu ya chombo hai, chombo kinashambuliwa, unatupwa pwani ya kisiwa cha Sucia. Kisiwa hiki Wafinyanzi walikipiga marufuku miaka kama mia mbili iliyopita. Walihama ghafla wakaacha karakana zao, maktaba zao, na watwana wao. Aliyewahi kutembea Gede peke yake asubuhi, akapita msikiti mkuu na visima na kasri ambavyo vimemezwa na msitu, atakijua kisiwa hiki kabla hajakizunguka. Ni mji uliohamwa ambao bado unanong'ona ulivyokuwa. Unafungua mlango, unakuta daftari la mtu aliyekuwa anafanya majaribio. Unafungua mwingine, unakuta kiumbe aliyewekwa alinde chumba na mpaka leo analinda, maana hakuna aliyerudi kumwambia kazi imekwisha.

Na watwana? Wamegawanyika mafungu matatu. Wapo Waliotii, ambao wanawaabudu Wafinyanzi na bado wanangoja warudi. Wapo Walioamka, ambao wanasema sisi ni watu kama ninyi, tuzungumze kama watu. Na wapo Wanyakuzi, ambao wamechoka na mazungumzo na wanataka Mfinyanzi yeyote afe, hata wewe. Uzuri ni kwamba hakuna fungu lililowekwa hapo ili ulichukie. Waliotii wana utulivu na heshima inayotia uchungu kuitazama. Wanyakuzi wana hasira, na ukisikiliza sababu zake huwezi kusema wanadanganya. Wewe ndiye bwana waliyemngoja au kumwogopa, na kila unapoingia kijijini wanakupima kwa macho.

Juu ya hayo wamo wageni kutoka ng'ambo ya bahari, Sholai, ambao walifika kisiwani wakaikuta siri yenyewe: Geneforge, chombo kinachoweza kumbadilisha mtu kutoka ndani ya mwili wake na kumpa nguvu za kutisha. Kiongozi wao Trajkov anaitaka. Unaweza kumsaidia, unaweza kumzuia, unaweza kuivunja, unaweza kuitumia wewe mwenyewe.

Kuna jambo moja zaidi linaloifanya gemu hii iwe kubwa moyoni mwangu, nalo ni mikebe. Kila mahali kisiwani kuna mikebe ya dawa inayong'aa. Ukifungua mmoja unapata papo hapo ujuzi ambao ungekugharimu muda mrefu kuupata. Hakuna adhabu inayoonekana. Ila ukifungua mingi, maneno ya mtu wako yanaanza kubadilika. Anajibu kwa ukali. Anakasirika kwa jambo dogo. Watu wanamtazama kwa hofu, na mwisho wa hadithi unabadilika kwa sababu hiyo. Gemu nyingi hukwambia kwamba nguvu hulevya. Hii inakupa nguvu yenyewe mkononi na kukuacha uigundue ladha yake. Nimecheza nikiikataa mikebe yote, na nimecheza nikiifungua yote, na hizo zilikuwa hadithi mbili tofauti za watu wawili tofauti.

Ya tano, Overthrow, inasimama upande wa pili wa uwanja. Kisiwa kimekuwa bara zima. Maasi ya viumbe yameshawaka, miji imeungua, na wewe huna hata kumbukumbu ya jina lako. Mwili wako umebadilishwa sana, hujui na nani. Mfinyanzi mmoja mkubwa, Rawal, anakuokota, lakini anakutia kifaa mwilini cha kukudhibiti. Tangu mwanzo, basi, wewe si bwana tena. Uko mahali pa mtwana. Mageuzi hayo ya nafasi, baada ya gemu nne, ni kazi ya mwandishi mwenye akili sana.

Kisha unakutana na kambi, na hapa ndipo ya tano inapowashinda wenzake wote. Rawal anataka cheo. Astoria anataka suluhu, viumbe na Wafinyanzi waishi kwa mapatano. Taygen anataka kuwafuta viumbe wote duniani wabaki binadamu peke yao. Alwan anataka sheria ya zamani irudi kama ilivyokuwa. Waasi wanaongozwa na joka mwenye akili, Ghaldring. Na pembeni wapo Watrakovi wa Litalia, ambao wanasema kosa ni elimu yenyewe ya kuumba, iachwe na kila mtu, bwana kwa mtwana. Kila mmoja ukimkalia unaona anachokiona. Nilidhani Astoria ndiye jibu, mpaka nilipofika kwenye kazi anazokutuma ufanye kwa siri ili suluhu yake isimame.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye tumezicheza pamoja kwa kupokezana laptopu, aliniuliza siku moja, “Ami, sasa mbona usiwape waasi tu wakashinda?” Nikamwambia acheze upande wao mpaka mwisho aone nani anakaa kwenye kiti baada ya ushindi. Majoka yaliyoongoza maasi yanawatumia watwana kama Wafinyanzi walivyowatumia. Alirudi kwangu baada ya muda akiwa amekasirika kweli, na tukaongea mpaka usiku kuhusu mambo ambayo si ya gemu.

Kwa nini basi ya kwanza iko juu? Kwa sababu ya tano inahitaji mzigo. Uzito wa Alwan, wa Litalia, na wa Greta, mwanafunzi mwenzako wa gemu ya tatu, unatoka katika gemu zilizotangulia. Ukianza na ya tano, Alwan kwako ni mgonjwa mmoja mwenye cheo ambaye anashikiliwa hai kwa ufundi wa Wafinyanzi. Ukiwa umemjua tangu akiwa mwanafunzi mwenzako, habari ni nyingine kabisa. Ya kwanza haihitaji chochote. Unashuka pwani ukiwa hujui kitu, na kisiwa kinakufundisha. Tena ni ndogo kiasi cha kuishika yote akilini, na karibu kila eneo unaweza kulipita kwa maneno, kwa kunyata au kwa ufundi wa kufungua mitego badala ya vita. Ya tano ni pana na imejaa mapigano, na kuna siku nilichoka kuua majitu ili nifike kwa mtu wa kuongea naye.

Ya pili na ya nne

Ya pili inakupeleka milima ya Drypeak ukiwa mwanafunzi wa Shanti, Mfinyanzi mpelelezi anayekwenda kukagua koloni lililonyamaza kupita kiasi. Unakuta viongozi wawili waliotumwa kulijenga, Zakary na Barzahl, wamegombana wakagawana bonde, na siri za Sucia zimevuja. Walioamka na Wanyakuzi wako huko nao. Barzahl na watu wake wamejifungulia mikebe mpaka wamepoteza ubinadamu, na ukiwa ulishaonja mikebe katika ya kwanza unawaona kama kioo cha ulivyokuwa ukielekea. Wanyakuzi nao wamepata elimu ya kuumba na wameumba viumbe wenye nguvu kuwapita wao wenyewe. Hilo ni wazo zito, na matunda yake unayala katika gemu zote zinazofuata.

Inakosa nini? Upya. Umbo lake ni la ya kwanza lililonyooshwa likawa refu, na mwisho wake una mapigano magumu ya kukatisha tamaa. Infestation imeirekebisha sana kwa macho na kwa mikono, na kwa aliyeipenda Mutagen sina shaka hii ndiyo ifuate.

Ya nne, Rebellion, ndiyo kipenzi cha mpwa wangu huyo, na nampa haki yake. Hapa unaanza ukiwa mwasi. Unaingizwa katika Geneforge mwanzoni kabisa, na ukipenda unaweza kucheza ukiwa mtwana mwenyewe, jambo ambalo gemu tatu za kwanza hazikukupa. Kwa anayetaka kasi, hakuna inayoizidi: kila jimbo lina vita vyake, unajua unakwenda wapi, na kila hatua unajiona unakua. Jambo linaloniuma ndani yake ni jema pia. Waasi wako wanapanga kuachilia majinamizi waliyoyaumba, yasiyo na hatamu, yaende kuangamiza nchi za Wafinyanzi pamoja na wakulima wasio na kosa. Unaulizwa kama utasaidia. Ukiwa umecheza kama mtwana aliyepigwa na kutukanwa njia nzima, swali hilo halina ukingo wa kushika.

Ila njia ni moja. Unapita jimbo baada ya jimbo kuelekea kaskazini, na uhuru ule wa kuzurura kisiwani, kugundua karakana ambayo hukutumwa, umepungua. Mpwa anasema hilo ni faida, maana hapotei. Mimi napenda kupotea, na ndiyo maana kwangu ya pili inaipita kidogo. Kama wewe ni mtu wa kufuata barabara, zibadilishe hizi mbili nafasi na hutakuwa umekosea.

Ya tatu

Nimeiweka mwisho na bado nakuomba usiiruke kama una nia ya kufika ya tano. Shule ya Wafinyanzi inashambuliwa, unanusurika pamoja na wanafunzi wenzako wawili, na mnavuka visiwa vya Ashen mkitafuta nani anayatuma majini haya. Wenzako ni Alwan, mtiifu wa sheria, na Greta, ambaye moyo wake uko na viumbe. Wanaandamana nawe, wanayasema waliyo nayo juu ya unayoyafanya, na ukielemea sana upande mmoja, wa upande wa pili anakuacha. Hao wawili ndio bora ya gemu hii. Pia hapa ndipo unapokutana na Litalia akiwa kiongozi wa maasi, kabla hajageuka kuwa yule wa ya tano.

Udhaifu wake ni kwamba mafungu yamebaki mawili tu, Wafinyanzi na waasi, na kila kisiwa kinarudia mpango wa kile kilichopita: fika, tuliza hali, tafuta chanzo cha majini, kiangamize, panda chombo uende kingine. Watwana hawana kauli nyingi. Katika mfululizo ambao nguvu yake ni kumsikiliza aliye chini, hilo ni pengo kubwa.

Kabla ya kulipia

Zote ni za Kiingereza na zina maandishi mengi sana. Hakuna sauti za watu wakiongea, na muziki ni haba. Asiyependa kusoma asijilazimishe, maana akiruka mazungumzo atabaki na vita vya zamu na picha za kizamani. Kwa upande wa picha, matoleo ya 2021 na 2024 ni safi na yanasomeka vizuri. Ya tatu ya asili ndiyo inayoonekana kuchoka zaidi kati ya zile ambazo hazina toleo jipya.

Kwa sisi wenye vifaa vya kawaida, hizi ni rafiki. Hazihitaji kompyuta yenye nguvu, hazihitaji intaneti ukishazishusha, na kwa kuwa vita ni vya zamu unaweza kuinuka ukaenda kuswali ukarudi ukakuta adui bado anakungoja. Stima ikipotea unapoteza tu kile ambacho hukukihifadhi, kwa hiyo jizoeze kuhifadhi kila unapotoka eneo moja kwenda lingine. Mwenye Mac aangalie kwanza kabla ya kununua za zamani: tangu 2019 mfumo wa Mac uliacha kukubali programu za biti 32, na matoleo ya asili ni ya enzi hizo. Mutagen ipo pia kwa iPad.

Spiderweb hutoa vipande vya bure vya kujaribia. Chukua cha Mutagen, ucheze mpaka ufike vijiji vya kwanza vya watwana, uongee nao wote. Kama hapo hujavutiwa, gemu nyingine nne hazitakubadilisha mawazo. Ukivutiwa, nenda ya pili katika toleo jipya, kisha ya tatu kwa ajili ya Alwan na Greta peke yao, ukishusha ugumu mpaka chini ili uipite upesi. Ugumu hubadilishwa wakati wowote katika mipangilio, katika zote tano. Ya nne irudishe ugumu wa kawaida, kwa sababu vita vyake vimetengenezwa vizuri. Na kabla ya kuanza ya tano, tafuta muda mrefu wa mapumziko, maana ukishaingia katikati ya zile kambi hutataka kuiacha nusu.

Kuhusu aina ya mtu wa kuanza naye: chagua Mfinyanzi kamili, yule anayepigana kwa kuumba viumbe. Wapo pia mlinzi, ambaye ni wa upanga, na mpelelezi, ambaye ni wa uchawi na kunyata, na wote wawili ni wazuri kwa mara ya pili. Lakini nguvu ya kuumbia ni ya kuhesabika, na inabaki imefungwa ndani ya kiumbe kwa muda wote aliye hai. Ukitaka kuumba mwenye nguvu zaidi, inabidi umrudishe yule mjusi mdogo uliyeanza naye ufukweni, aliyekufuata na kukupigania, umnyonye mpaka aishe. Gemu haisemi neno lolote unapofanya hivyo. Fanya uone.